Rufaa ya hataza ni ugomvi wa sarufi

Watu wengi hudhani kwamba mzozo kuhusu hataza, yaani ile haki ya kisheria anayopewa mvumbuzi ili mtu mwingine asitengeneze wala kuuza kifaa chake bila idhini, huamuliwa karakanani. Hudhani kwamba mafundi wawili huitwa mbele ya wakuu, kila mmoja na mashine yake, vyuma vikapimwa, na aliyemtangulia mwenzake akatangazwa mshindi. Sivyo hata kidogo. Aghalabu mashine yenyewe haionekani. Kinachowekwa mezani ni karatasi, na katika karatasi hiyo mna sentensi, na ugomvi wote huhusu neno moja au mawili yaliyomo katika sentensi hiyo. Ndiyo maana mimi, mwalimu wa isimu ambaye hata pancha ya baiskeli humpelekea jirani, nimethubutu kuingilia jambo linalodhaniwa kuwa ni la wahandisi na mawakili peke yao.

Anayeomba hataza hupeleka vitu vitatu katika ofisi inayohusika: maelezo ya kifaa, michoro yake, na madai. Maelezo hufundisha jinsi kifaa kinavyoundwa na kinavyofanya kazi. Madai huweka mipaka. Yanafanya kazi ya mawe ya mpaka shambani: ukiyasogeza nje hatua mbili umeingia kwa jirani, nawe utafukuzwa, ukiyasogeza ndani umemgawia jirani ardhi yako bure. Kule Marekani imekuwa desturi ya ofisi ya hataza kwamba kila dai liwe sentensi moja tu, yenye herufi kubwa mwanzoni na nukta mwishoni, hata kama sentensi hiyo itakuwa ndefu kama garimoshi la mizigo litokalo Mombasa. Mwanafunzi wangu akiniletea sentensi ya namna hiyo ninamrudishia. Lakini ndani ya sentensi hiyo ndimo mvumbuzi anamohifadhi mali yake kwa miaka 20 tangu siku alipowasilisha ombi.

Mchunguzi wa ofisi hulitwaa dai, akatafuta katika hataza na maandishi ya zamani kama kuna jambo lililokwisha kufanywa ambalo linaingia ndani ya mipaka ile. Katika kazi hiyo anatakiwa ayape maneno ya mwombaji maana pana kuliko zote ambazo msomaji mwenye busara angekubali baada ya kuyasoma pamoja na maelezo. Sababu yake inaeleweka: mwombaji bado ana nafasi ya kurekebisha maneno yake, basi ni afadhali utata ufichuliwe mapema kuliko uje kuwasumbua wengine baadaye. Dai likikataliwa mara mbili, mwombaji anaruhusiwa kukata rufaa mbele ya bodi iliyo ndani ya ofisi ileile. Akishindwa huko, anaweza kwenda katika Mahakama ya Rufaa ya shirikisho iliyoundwa mwaka 1982, ambayo husikiliza kesi za hataza kutoka nchi nzima.

Mojawapo ya rufaa hizo, inayojulikana kwa jina la mwombaji wake, Giannelli, inastahili kusomwa na kila anayejifunza sarufi. Ombi liliwasilishwa mwaka 2003. Kifaa kilikuwa mashine ya mazoezi ya viungo, ya kupigia makasia pakavu: mtu huketi, hushika vishikio, akavivuta kuelekea mwilini mwake kama mvuvi avutavyo makasia. Dai lilieleza kishikio ambacho hutoka katika mkao wa kwanza na kufika katika mkao wa pili kwa nguvu ya kuvuta, na kufuata njia inayokaribia kuwa mstari ulionyooka. Jambo zima, basi, lilikuwa ni mahali pa chuma: kianzie wapi, kiishie wapi, na kisogezwe kwa nguvu ya namna gani. Mwombaji aliunganisha kishikio na mwendo huo kwa maneno mawili ya Kiingereza, "adapted to".

Mchunguzi alileta hataza ya zamani ya mashine nyingine, ile ya kusukuma kwa nguvu za kifua. Katika mashine hiyo mtu huegemea kiti, akavisukuma vishikio mbali na kifua chake. Alilikataa dai, na bodi ikamuunga mkono. Hoja yao ilikuwa hivi: vishikio vya mashine ya kusukuma havina kinachomzuia mtu kuvishika na kuvivuta. Maadamu vinaweza kuvutwa, basi navyo vinatimiza yale yasemwayo na dai, na fundi mjuzi haoni hapo jambo geni la kulindwa.

Mnamo Januari 2014 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi huo. Majaji walieleza kwamba maneno yale mawili yana maana mbili. Yanaweza kumaanisha "kinachoweza", na yanaweza kumaanisha "kilichoundwa kwa ajili ya". Ni maelezo ya kifaa yatakayoonyesha ni ipi iliyokusudiwa, na maelezo ya Giannelli kutoka mwanzo hadi mwisho yalihusu mashine iliyoundwa ili ivutwe. Kuuliza tu kama binadamu mwenye misuli anaweza kuvuta kishikio cha mashine ya kusukuma ni kuuliza swali lisilohusu.

Hapa ndipo mzungumzaji wa Kiswahili anapoweza kutabasamu kidogo. Jambo lililowachukua wataalamu wa Kiingereza miaka kadhaa na ngazi tatu za uamuzi, mtoto wa Lamu analijua kabla hajaanza shule. Tuseme yuko njiani na babu yake, na babu amechoka. Wanafika penye jiwe pana. Jiwe linakalika, hakuna anayebisha. Lakini jiwe si kiti cha kukalia. Vivyo hivyo maji ya mto huenda yakanyweka, ilhali hayakuwa maji ya kunywa. Panga linaweza kufungua mkebe wa maziwa, na wengi wetu tumelitumia hivyo, lakini hakuna duka la vyombo litakaloliuza kama kifaa cha kufungulia mikebe. Lugha yetu imezigawa maana hizi mbili katika miundo miwili isiyofanana. Kiambishi cha kutendeka, kile kinachotupa "kukalika" na "kuvutika", husema kwamba jambo linawezekana. Kauli ya kutendea pamoja na kihusishi cha umilikishi, kama katika "jembe la kulimia" au "kalamu ya kuandikia", husema kwamba kitu kimeundwa kwa ajili ya kazi hiyo. Lau dai la Giannelli lingeandikwa kwa Kiswahili, mwandishi angelazimika kuchagua tangu siku ya kwanza kati ya "kishikio kinachovutika" na "kishikio cha kuvutia kwa mwendo wa kupiga makasia", na mchunguzi angejua mara moja anapambana na lipi.

Nisieleweke kwamba kila mwombaji anayekimbilia maana nyembamba hushinda. Mwaka 1997 mahakama hiyohiyo iliamua rufaa ya Schreiber, aliyebuni kifuniko chenye umbo kama la faneli cha kumiminia bisi, ili punje chache tu zipite kila pakiti inapotikiswa. Mchunguzi alileta hataza ya Uswisi ya mdomo wa faneli uliotumiwa kumiminia mafuta kutoka kwenye mkebe. Schreiber alisema mafuta si bisi. Majaji walio wengi walijibu kwamba umbo lililodaiwa halikutofautiana na lile la zamani, na kama umbo ni lile, kazi nayo imo ndani yake. Kumimina bisi mahali pa mafuta hakukifanyi kifaa kiwe kipya. Jaji mmoja hakukubaliana nao. Kwa maoni yangu walio wengi walikuwa na haki, kwa sababu dai lilitaja kazi bila kutaja sehemu yoyote ya umbo ambayo ilihitajiwa na kazi hiyo peke yake. Mashine ya kusukuma na mashine ya kuvuta hazifanani hivyo. Mahali pa kiti, upande wa egemeo na mwelekeo wa nguvu ni vitu vinavyoonekana na kupimika.

Kesi ya tatu naitaja kwa ufupi, kwani kwayo maneno madogo ndiyo yaliyobeba mzigo mkubwa. Ni ile ya Skvorecz ya mwaka 2009, kuhusu vile vitegemeo vya waya ambavyo hotelini huwekewa vyombo vya chakula ili kisipoe. Mvumbuzi alivipinda vyuma kidogo ili kila mguu usogee pembeni, na vitegemeo vingi vipangwe kimoja ndani ya kingine bila kukwama. Bodi ilisema kwamba dai lilianza kwa neno la Kiingereza linalomaanisha "chenye", neno ambalo halizuii nyongeza; kwa hiyo hata kitegemeo ambacho baadhi ya miguu yake haina mpindo kinaingia ndani ya dai, na kitegemeo cha aina hiyo kilikwisha kubuniwa. Mahakama ilikataa. Neno "chenye" linaacha mlango wazi kwa vitu vingine kuongezwa. Haliwezi kulifuta neno "kila" lililoandikwa waziwazi mbele yake. Katika rufaa hiyohiyo dai jingine lilikuwa limekataliwa kwa sababu lilitaja mgawanyo wa waya kana kwamba umekwisha kutajwa, ilhali haukuwa umetajwa kabla. Naam, msomaji, mtu alinyimwa hataza kwa sababu ya kirejeshi kisicho na kitangulizi! Mahakama iliona kwamba fundi angeelewa bila taabu, ikamrudishia dai lake.

Neno "fundi" ndilo linalonirudisha nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 majaji wa Bunge la Malodi la Uingereza, katika kesi ya kampuni ya Catnic, walikabiliwa na kizingiti cha chuma cha kuwekwa juu ya milango na madirisha. Hataza ilisema ubao wa nyuma wa kizingiti hicho usimame wima. Mshindani aliunda kizingiti ambacho ubao wake uliinama digrii 6, na kingine digrii 8, akadai kwamba chake si wima. Majaji walisema neno hilo lisomwe jinsi mjenzi angelisoma akiwa kazini, na mjenzi hatauita ukuta ulioinama kiasi hicho kidogo kuwa umelala. Hii ndiyo kanuni: msomaji ambaye dai humwandikiwa si jaji wala mwalimu wa chuo kikuu. Ni mtu wa kazi ile, mwenye ujuzi wa kawaida wa kazi ile.

Sasa tujiulize ni nani mtu huyo hapa Kenya. Kwa vifaa vya chuma, ni fundi wa jua kali wa Kamukunji, wa Gikomba, wa Kariobangi. Ni yeye ambaye sheria inamchukua kuwa kipimo cha maana, na ndiye huyohuyo asiyeweza kuisoma hataza kwa sababu imeandikwa kwa Kiingereza ambacho hata mwenye digrii hukisoma mara tatu. Hali hii ina historia yake. Kabla ya sheria ya mwaka 1989, hataza katika nchi hii ilikuwa kivuli cha ile ya Uingereza: sharti kwanza ipatikane huko, ndipo isajiliwe hapa. Sheria ya mwaka 2001 iliyozaa taasisi yetu ya mali ya viwandani, KIPI, ina mfumo wa kuchunguza maombi. Iliunda pia jopo la kusikiliza rufaa za wanaokataliwa, na aliyeshindwa katika jopo anaweza kwenda Mahakama Kuu. Ina vilevile cheti cha uvumbuzi mdogo, ambacho hakidai hatua kubwa ya ubunifu na hudumu miaka 10, na ambacho kwa hakika kingewafaa watu wa jua kali kuliko hataza kamili. Lakini lugha ya madai ilibaki ileile tuliyoirithi.

Fundi mmoja hapa Nairobi alipata kunionyesha kifaa alichokiunda cha kushikilia mabomba kwa pembe anayoitaka wakati anapoyachomelea. Alikieleza kwa maneno haya: "Huu mkono unazunguka hapa. Ukifika kwa hili tundu, pini inajitumbukiza yenyewe. Huwezi kuusogeza tena mpaka uivute hiyo pini." Kisha akanitolea karatasi aliyoandikiwa na mtu wa mtaani anayejua Kiingereza, ambayo ilitaja kifaa chenye uwezo wa kushika mabomba kwa pembe mbalimbali. Nilistuka. Jiliwa, au vaisi kama mafundi wenyewe wanavyoiita, ina uwezo huo. Mawe mawili yana uwezo huo. Mchunguzi yeyote angelikataa dai hilo kabla ya chai ya saa nne, na wala rufaa isingemsaidia fundi yule, kwa kuwa pini inayojitumbukiza yenyewe, ambayo ndiyo uvumbuzi wake wote, haikutajwa popote. Heri karatasi ilikuwa haijapelekwa. Sentensi zake tatu za Kiswahili cha mtaani zilikuwa karibu zaidi na dai halali kuliko Kiingereza kile cha kulipiwa.

Tulikaa tukaziunganisha, na hiki ndicho kilichotoka: "Kifaa cha kushikilia mabomba wakati wa kulehemu, chenye bamba la chuma lililotobolewa matundu kwa mpango wa upinde, mkono uliofungwa kwenye bamba hilo kwa bawaba ili uzunguke juu ya matundu hayo, na pini yenye springi ambayo hujitumbukiza yenyewe katika lolote kati ya matundu hayo pindi mkono huo unapolifikia, na kuuzuia mkono huo usisogee hadi pini hiyo itakapovutwa." Ni sentensi moja. Bamba ni hilo, matundu ni hayo, mkono ni huo, pini ni hiyo. Ngeli zetu zimefanya kazi ambayo Kiingereza hukifanya kurudia majina yaleyale mpaka msomaji asinzie, na hakuna kirejeshi kinachotangatanga bila mwenyewe.

Haki inanitaka niseme pia mahali tunapokwama. Kiswahili hupenda kuviita vyombo kwa ngeli moja: kifaa, kishikio, kitako, kizuizi, kifuniko. Mtu akiandika "kifaa chenye kishikio kinachozunguka", je, kinachozunguka ni kishikio au ni kifaa kizima? Sarufi haisemi. Wakili mjanja atalishika neno hilo na hatalitoa mdomoni mwake. Dawa ipo, kwa mfano kuchagua "mkono" au "wenzo" mahali pa "kishikio", lakini dawa haijitokezi yenyewe. Inahitaji mwandishi anayeiona hatari kabla ya mshindani kuiona. Utata wa namna hii, pamoja na uchache wa waandishi waliozoea kazi hiyo, ndio unaowapa watu kisingizio cha kusema kwamba Kiswahili hakifai kwa mambo ya kiufundi, ingawa Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 inakitaja miongoni mwa lugha mbili rasmi za nchi, na Ibara ya 40 inaiagiza serikali kuilinda mali ya ubunifu ya watu wa Kenya.

Kamati za istilahi, nami nimeketi katika kadhaa, hupenda nomino. Tunaweza kubishana siku nzima kama kitu fulani kiitwe hiki au kile, kisha tukaondoka tumeridhika na orodha ndefu. Lakini Giannelli hakukataliwa kwa sababu ya jina la mashine, wala Skvorecz kwa sababu ya jina la waya. Walikataliwa kwa "kinachoweza", kwa "chenye", kwa "kila". Basi kazi iliyo mbele yetu ni ya vitenzi, viunganishi na virejeshi. Ingetubidi tukubaliane kwamba katika madai "chenye" kitaacha nafasi ya nyongeza na "ambacho sehemu zake ni" kitaifunga, kwamba kauli ya kutendeka itumike pale tu uwezekano unapokusudiwa, na kwamba kila kirejeshi kiwe na kitangulizi kinachoonekana.

Kuna hataza tele zilizokwisha muda wake, ambazo mtu yeyote ana ruhusa kuvitengeneza vifaa vyake bila kumlipa mtu. Idara moja ya Kiswahili ingeweza kuanza na kumi tu. Wanafunzi wayatafsiri madai yake, kisha wayapeleke Kamukunji pamoja na michoro, na mafundi waombwe kuunda kile kinachosemwa na sentensi ile bila kuelezwa kwa mdomo. Pale watakapounda kitu kingine, turudi darasani na sentensi ile, tulitafute neno lililowapoteza.